Muhsini Hakubali Kufa

Simu ilimkuta Notburga Kinunda na pini sita mdomoni, akikunja upindo wa sare za kwaya ya parokia. Akaipokea hivyo hivyo, pini zikiwa zimebanwa kwa meno. Upande wa pili alikuwa mwanamke aliyejitambulisha kwa jina la Pamela, mhariri wa kampuni moja ya vitabu huko Dar es Salaam. Alisema kamati imekaa, imeisoma riwaya yake, imeikubali.

"Mm," akajibu Notburga.

"Mama, unanisikia? Tutakichapa kitabu chako."

"Mm! Mm-mm!"

"Mama Kinunda, uko salama?"

Notburga akazitema pini zote mkekani na kupiga kigelegele ambacho, kwa maneno ya majirani, kilifika msituni juu ya mlima na kurudi. Pamela alisubiri kiishe. Kisha akaeleza kuwa mkataba utakuja kwa barua pepe, na kwamba sura ya kumi na tisa, ile ambayo mume anagongwa na nyoka na kufa mikononi mwa mkewe, imewaliza watu watatu ofisini mchana kweupe.

"Imewaliza!" alisema Notburga kwa furaha isiyo na haya hata kidogo. "Asante sana! Asanteni kwa kulia!"

Alikuwa na miaka hamsini na minne. Cherehani alikuwa ameiendesha kwa miaka ishirini na saba, na kuandika, kumi na mitano. Riwaya zake tatu za mwanzo zilikwenda Dar es Salaam zikarudi na barua za heshima. Pale Matogoro alikoishi, kila mtu alijua kwamba ukimpa fundi Notburga kitambaa cha Krismasi ujiandae kukivaa Pasaka, maana kati ya kukata mkono wa kushoto na kukata wa kulia anaweza kukumbuka neno, akavuta daftari kutoka chini ya vitambaa, na ule mkono wa kulia ukangoja mpaka neno liishe.

Alitoka mbio kwenda shambani kumtafuta mumewe, futi ya kupimia ikipepea shingoni, mguu mmoja una ndala na mwingine hauna. Gaspari alikuwa anapalilia maharage. Alipomwona mkewe anakuja kwa kasi ile akaliacha jembe lianguke.

"Nani kafa?"

"Hajafa mtu! Wamekubali!"

"Nani wamekubali?"

"Dar es Salaam!"

Gaspari, ambaye ni mtu wa besi katika kwaya na maneno yake ni ya kuhesabika, alivua kofia, akaitazama mbingu, akatoa sauti moja nzito ndefu kama mtu anayeanza wimbo wa misa. Mkewe akajiunga juu yake kwa sauti ya kwanza. Waliimba hivyo katikati ya maharage bila kujua wanaimba nini, na mwanamke aliyekuwa anapita na kuni kichwani akawapungia mkono, akajiunga naye bila kuuliza.

Furaha hiyo ilidumu siku nne. Siku ya tano Notburga alishuka mjini Songea, kwenye duka la kuchapisha nyaraka, akachapishiwa mkataba wake. Alikuwa anausoma amesimama kando ya mashine, anatabasamu kwa kila mstari, hata kwa ile mistari asiyoielewa. Alipofika kifungu cha saba, tabasamu likamganda. Kifungu kilisema mwandishi anathibitisha kwamba kazi ni yake, na kwamba haijafichua maisha ya faragha ya mtu yeyote bila ridhaa yake.

Akazikunja zile karatasi mara nne, akarudi nyumbani kwa miguu.

Kisa kile kilikuwa na mwenyewe. Mwenyewe aliitwa Biasha, mama wa makamo kutoka Nakapanya, mkulima wa korosho. Miaka minne nyuma alikuja Songea kumuuguza binti yake Nasrin hospitalini, akapanga chumba cha uani kwa Notburga kwa miezi miwili. Mchana, akishapeleka chakula wodini, alikaa kando ya cherehani akabangua korosho na kusimulia. Ndipo alipotoa kisa cha siku ya harusi yake.

Alikuwa na miaka kumi na tisa, ameposwa na kijana wa watu, jina lake Alfani, mwenye shamba na mwenye adabu, ila moyo wake haukuwa huko. Moyo ulikuwa kwa Muhsini, fundi wa redio aliyeletwa kufunga vipaza sauti vya harusi hiyo hiyo. Nakapanya nzima ilijua kwamba asubuhi ile Muhsini alimwiba bibi harusi kwa baiskeli. Lakini ukweli, Biasha alisema huku akicheka mpaka anafuta machozi, ni kwamba yeye ndiye aliyemwiba Muhsini. Alitokea mlango wa uani, akamkuta anaunganisha nyaya, akamwambia, "Panda baiskeli, tunaondoka." Yeye akakaa kiti cha nyuma na sufuria ya pilau, akaipakata, kwa kuwa tangu jana yake alikuwa hajala. Muhsini alitetemeka njia nzima, hata kengele ya baiskeli ikawa inalia yenyewe. Walifika Tunduru mjini, wakapanda lori la mahindi mpaka kwa shangazi yake Biasha huko Lusewa, na shangazi akawaozesha siku hiyo hiyo kabla hajawapa hata maji. Lawama zote alibeba Muhsini. Kwa mkwewe hakukanyaga miaka tisa.

"Maneno haya, dada, yaishie hapa kwenye cherehani," alisema Biasha.

"Yataishia hapa," alisema Notburga.

Na yakawa yameishia kwenye madaftari manne makubwa.

Majina alibadilisha, ndiyo. Lakini sufuria ya pilau ilikuwemo, na kengele iliyolia yenyewe ilikuwemo, na shangazi wa Lusewa alikuwemo na ukali wake wote. Mtu yeyote wa Nakapanya angesoma kurasa tatu akasema, "Hee! Huyu si Biasha?" Kitu kimoja tu alichokitunga kwa kichwa chake kilikuwa yule nyoka. Aliamini, kama waandishi wengi wanavyoamini wakiwa bado hawajachapwa, kwamba kitabu kisicho na kifo si kitabu cha maana.

Siku mbili hakushona. Alikuwa anakaa na mkasi mkononi anajihoji. Hivi anaandika kwa nini? Kama ni kwa ajili ya jina, jina alikuwa nalo: fundi Notburga, mchelewaji. Kama ni kwa ajili ya ukweli, mbona ameanza kwa kuvunja ahadi? Alijua kitu kimoja tu kwa hakika, kwamba akiandika anasikia kama mtoto aliyeruhusiwa kuteleza kwenye matope bila kugombezwa, na kwamba furaha ya namna hiyo, ukiiacha bila mlinzi, inaweza kuingia nyumba ya mtu na kutoka na vyombo.

"Una hamu, na kitabu kimekwisha," Gaspari alimwambia walipokuwa wanakula. "Kilichobaki ni kumpigia simu mwenye kisa."

"Akikataa?"

"Atakuwa amekataa."

Jibu hilo fupi lilimuudhi Notburga kwa sababu lilikuwa sahihi. Akapiga.

"Dada Biasha, nimekukosea," alianza, na akamwaga yote kwa pumzi moja: daftari, kamati, kifungu cha saba.

Jogoo wa Nakapanya alisikika anawika ndani ya simu.

"Kitabu?" hatimaye Biasha aliuliza. "Chenye jalada?"

"Chenye jalada."

"Na pilau imo?"

"Imo, dada. Nisamehe."

"Usitie saini. Tunakuja Jumamosi."

"Mnakuja nani?"

"Mimi na Muhsini. Na yeye atasikiliza."

Notburga alikata simu, akakaa chini. Ndipo lilipomjia kwamba atalazimika kumsomea mwanamume, mbele ya macho yake, kifo chake mwenyewe.

Jumamosi walifika saa saba, Biasha mbele na mfuko wa korosho, Muhsini nyuma na kofia nyeupe na shati lililopigwa pasi likasimama. Alikuwa mwembamba, mpole wa sura, ana ndevu chache alizozitunza kama bustani. Gaspari akampokea kwa mikono miwili, "Karibu, mlongo wangu," yaani ndugu yangu, akampeleka uani ambako jogoo alikuwa amefungwa akimngoja, maana kwa heshima ya wageni mwenyeji hakutaka kumchinja mwenyewe. Muhsini akapiga bismillahi, akachinja, na chakula kilipoliwa wote wanne wakahamia barazani. Notburga alivaa miwani, akafungua daftari la kwanza.

Alisoma mpaka alasiri. Muhsini alikwenda kuswali, akarudi, wakaendelea. Biasha alicheka kwenye kila mstari, hata pasipo na kichekesho. Alicheka jina aliloitwa, alicheka rangi ya kanga yake, alicheka shangazi wa Lusewa akipiga meza. Ilipofika baiskeli na kengele inayolia yenyewe, alijirusha nyuma mpaka kiti kikaenda chini naye, akabaki pale sakafuni anacheka. Gaspari, mtu wa maneno ya kuhesabika, alicheka kwa besi hadi kuku wakakimbia.

Muhsini hakucheka. Alikaa amenyooka, mikono magotini.

Sura ya kumi na tisa Notburga aliisoma haraka sana, kama mtu anayevuka moto. Nyoka akatoka kwenye majani, akauma, mume akasema maneno yake ya mwisho, akafa.

"Samahani," alisema Muhsini. "Nani kafa?"

"Mume, shemeji."

"Mume ni nani?"

Notburga akavua miwani.

"Mimi," alisema Muhsini. "Nimekufa kwa nyoka. Mimi, niliyeua swila watatu pale shambani kwangu, mmoja kwa ndala."

"Shemeji, ni hadithi tu..."

"Kufa sikubali," alisema Muhsini kwa upole mkubwa, akisimama. "Na kule kutetemeka, pia sikubali. Pale Nakapanya, vijana wakiniona wanasema, yule ndiye mzee aliyeiba bibi harusi mchana, na spika zinaimba. Hii ndiyo sifa yangu, sina nyingine. Leo kitabu kinakuja kusema nilipakiwa kama kifurushi!"

Akatoka, Gaspari akamfuata, wakaonekana wawili wanateremka kuelekea kwenye maharage.

Biasha aliinuka sakafuni, akajipangusa. "Mimi nimekuruhusu," alisema. "Miaka thelathini na tano amebeba mzigo wangu, nami nimekaa kimya kwa aibu. Nilitaka asikie mtu akiutua. Kumbe alishaupenda!"

"Bila ruhusa yake sitii saini, dada."

Alilisema kabla hajalifikiria. Lilipokwisha kutoka, akaona ni la kweli, na kitu cha ajabu kikampata: badala ya kulia, alisikia wepesi, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana tangu asubuhi. Kitabu kisichapwe, basi. Ataandika kingine. Na baada ya hicho, kingine. Alianza kucheka, Biasha akamtazama kwa mashaka, halafu akaanza naye, na wakaosha vyombo wakicheka hivyo mpaka sahani moja ikavunjika.

Asubuhi ya Jumapili, Notburga na Gaspari waliporudi kutoka misa ya kwanza, walimkuta Muhsini kakaa kwenye kiti cha cherehani, daftari la pili limefunguliwa mbele yake. Biasha alikuwa anamimina chai.

"Hapa," alisema Muhsini, kidole kikiwa kwenye ukurasa. "Hapa umeandika nilitetemeka kwa kumwogopa baba yake."

"Ndivyo nilivyoambiwa, shemeji."

"Si kweli. Baba yake nisingemwogopa kwa kiasi hicho." Akakohoa. Akaitazama chai. "Ile baiskeli haikuwa yangu."

Biasha aliacha kumimina. "Ilikuwa ya nani?"

"Niliazimwa asubuhi ile, nikalete betri ya spika."

"Na nani, Muhsini?"

"Na bwana harusi."

Biasha akaliweka birika chini. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Nilimkimbia Alfani kwa baiskeli ya Alfani?"

"Sasa ningefanya nini?" alisema Muhsini, na kwa mara ya kwanza sauti yake ikapanda. "Umetokea na sufuria, unaniambia panda! Kuondoka na mchumba wa mtu, niliona ni mapenzi, Mungu anajua. Lakini baiskeli ya mtu! Baiskeli ni wizi! Njia nzima nasikia ile kengele inaniambia mwizi, mwizi, mwizi. Tulipofika Tunduru nikamwomba dereva mmoja anayekwenda Nakapanya airudishe, nikaifunga vizuri na kamba. Ndiyo maana wakisema nimeiba bibi harusi nafurahi. Nikawa naomba wasije wakakumbuka usafiri."

Gaspari ndiye aliyeangua kicheko wa kwanza. Kilitoka chini kabisa, kama ngoma, na baada ya hapo hakuna aliyesalimika. Biasha aliegemea mlango akimpiga mumewe kwa kitambaa cha sahani. Notburga alikuwa anacheka na machozi yanamtoka na mkono tayari umeshika kalamu, akashtuka, akaiweka chini.

"Naruhusiwa kuandika hilo, shemeji?"

Muhsini alifikiri. Alizichezea ndevu zake chache.

"Kwanza nimwombe msamaha mwenye baiskeli," alisema. "Haiwezekani asome kitabuni kabla hajasikia kwangu. Tunaswali msikiti mmoja kila Ijumaa, na kila Ijumaa namkwepa macho."

Alitoka uani na simu, na kwa vile alikuwa mtu wa spika, aliiweka sauti ya nje. Wote wakajipanga nyuma yake. Baada ya salamu ndefu, ya afya na ya mvua na ya bei ya korosho, Muhsini akasema, "Ndugu yangu Alfani, siku ile ya harusi yako, ile baiskeli..."

"Baiskeli!" mzee Alfani akapaza sauti. "Nilikuwa nangoja lini utaitaja! Ilirudi na wali kwenye kiti cha nyuma, Muhsini! Punje za pilau zimeganda kwenye springi! Pilau yangu mwenyewe!"

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe zamani. Wageni walikuwepo, chakula kipo, watu wakala. Baada ya wiki mbili nikamwoa Mwamvua, aliyekuja siku ile kuosha mchele. Nina watoto wanane, bwana! Ila nyaya zako uliziacha nusu, muziki ukazima. Hilo ndilo sijakusamehe."

Muhsini alicheka. Alicheka ameinama, ameshika magoti, kofia ikaanguka vumbini na hakuiokota.

"Andika," alimwambia Notburga alipopata pumzi. "Andika kutetemeka, andika baiskeli, andika yote. Ila nyoka atoke."

Ilibaki Pamela. Jumatatu Notburga alimpigia akamweleza: mume hafi, nyoka hayupo, sura ya kumi na tisa imefutwa, badala yake kuna simu ya kuombana msamaha kuhusu baiskeli.

"Mama," alisema Pamela taratibu, "sura ya kumi na tisa ndiyo iliyotufanya tukubali."

"Najua. Mlilia."

"Tulilia sana."

"Basi, mwanangu, safari hii huenda msilie. Kama hamtakubali, sitanuna."

Pamela alivuta pumzi. Alisema atume, ila hawezi kuahidi lolote, kamati itabidi ikae upya.

Notburga aliandika wiki saba. Sare za kwaya zilisubiri, mpaka mwalimu wa kwaya akaja mwenyewe kudai, akakuta fundi anaandika huku anacheka peke yake, akaondoka kimyakimya. Haikuwa kama zamani alipoandika kwa kujificha. Akikwama, anapiga simu Nakapanya: betri ilikuwa ya rangi gani? Shangazi alivaa nini? Biasha anajibu, Muhsini anamsahihisha kwa nyuma, wanagombana, na ugomvi wenyewe unaingia kwenye daftari ukiwa bado wa moto. Aligundua, akiwa na mshangao wa mtu aliyekuta hela mfukoni, kwamba wote walioishi kisa kile walikuwa wachekeshaji kuliko yeye, na kwamba kazi yake ilikuwa kutowazuia.

Kamati ilikaa mwezi wa tisa. Pamela alipopiga alisema walibishana saa tatu: wawili walidai Muhsini hakuwa na haja ya kuirudisha baiskeli, watatu wakasema asingeirudisha wasingempenda, na katibu alicheka mpaka akaomba maji. Kitabu kimekubaliwa.

Safari hii Notburga hakupiga kigelegele. Alisema, "Asante, mwanangu," akatia saini kila ukurasa, akashuka mjini kuutuma mkataba, mwepesi kama karatasi yenyewe. Kurudi hakupita njia ya kawaida. Alichukua ile ya mlimani, akapanda mpaka pembeni mwa msitu, akakaa kwenye jiwe akautazama mji wa Songea na mabati yake yanayong'aa. Kichwa kilikuwa kinamzunguka kwa raha. Riwaya nyingine ilikuwa tayari inamjia, bila kubisha hodi: mwanamume wa besi, asiyesema, ambaye siku moja katikati ya misa anasimama na kuimba sauti isiyo yake.

Akakumbuka mara moja mwanamume wa besi ni nani. Akacheka kwa sauti, akainuka. Lazima amwulize kabla hajaandika hata sentensi moja, na huenda atakataa. Mawingu yalikuwa yanashuka Matogoro, na nguo za mteja ziko kwenye kamba. Akakaza mwendo.